Supamaketi kubwa au duka la mtaani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mnunuzi anayetaka kujua shilingi yake inakwenda wapi, na wa mwenye duka aliyefunguliwa supamaketi hatua chache kutoka mlangoni pake. Mifano ni ya Kenya na Tanzania. Bei zilizomo kwenye hesabu ni za mfano tu: weka zako mahali pake, njia haibadiliki.

Je, ni kweli supamaketi ni nafuu kuliko duka la mtaani?

Kwa bidhaa iliyofungwa kiwandani na katika pakiti kubwa, mara nyingi ndiyo. Unga wa kilo 2, sukari ya kilo 2, mafuta ya lita 3 au 5, sabuni ya unga ya kilo nzima, karatasi za chooni za pakiti ya 10: hapo duka dogo huzidiwa.

Kwa mkate na maziwa ya pakiti tofauti ni ndogo, na mara nyingine haipo kabisa, kwa sababu kiwanda chenyewe hupendekeza bei ya rejareja na gari lake hupita maduka yote kila asubuhi.

Kwa nyanya, vitunguu, sukuma wiki, mchicha na ndizi, mama mboga au genge la mtaani ndilo lenye nafuu mara nyingi. Mzigo wake umetoka sokoni alfajiri, halipii viyoyozi wala keshia, na unaweza kununua nyanya tatu badala ya trei nzima. Anayesema "supamaketi ni rahisi" au "dukani ni rahisi" bila kutaja ni kitu gani na ni kiasi gani bado hajasema neno.

Supamaketi inawezaje kuuza bei ya chini hivyo na bado ipate faida?

Sababu ya kwanza inajulikana: hununua kwa malori, tena moja kwa moja kiwandani, kwa hiyo faida ya muuza jumla haimo ndani ya bei.

Ya pili haionekani, na ndiyo yenye uzito zaidi. Mteja hulipa papo hapo, lakini msambazaji hulipwa baada ya siku 30, 60, hata 90. Sukari iliyoingia leo ikauzwa ndani ya wiki moja na kulipiwa baada ya siku 60, supamaketi imekaa na fedha za msambazaji kwa zaidi ya wiki saba bila riba. Mwenye duka dogo yuko upande wa pili wa mambo: yeye hulipa taslimu kwa muuza jumla, kisha anawakopesha wateja wake hadi mwisho wa mwezi.

Ya tatu ni makato. Msambazaji huombwa punguzo la nyongeza mauzo yakifika kiwango fulani, ada ya kuingizwa kwenye rafu, bidhaa za bure siku tawi jipya likifunguliwa, au wafanyakazi wake mwenyewe wa kupanga rafu. Nchini Kenya jambo hili limefika kwenye sheria. Kampuni ya mtindi, Orchards, iliishtaki Majid Al Futtaim, wanaoendesha Carrefour nchini humo, kwa matumizi mabaya ya nguvu ya mnunuzi. Mamlaka ya Ushindani ikaipa Orchards haki mwaka 2020, na Baraza la Ushindani likaunga mkono uamuzi huo mwaka 2021. Desemba 2023 mamlaka hiyo iliitoza kampuni hiyohiyo faini ya takriban shilingi bilioni 1.1 kwa malalamiko ya wasambazaji wengine wawili, mmoja wa mafuta ya kupikia na mwingine wa asali. Kwa hiyo sehemu ya unafuu unaouona kwenye rafu hutoka mfukoni mwa kiwanda kidogo, na mnunuzi anastahili kulijua hilo.

Ya nne ni chambo. Bidhaa tano au kumi ambazo kila mtu anajua bei yake, kama unga, sukari na mafuta, huuzwa karibu na bei ya kununulia au chini yake. Faida hurudishwa kwenye shampuu, biskuti, vyombo vya plastiki na vitu ambavyo bei yake hakuna anayeikariri.

Nalinganishaje bei bila kudanganyika?

Usilinganishe bei ya pakiti na bei ya pakiti. Linganisha bei ya kilo na kilo, lita na lita:

1. Soma uzito au ujazo ulioandikwa. Usipime kwa macho.
2. Gawa bei kwa kilo. Pakiti ya gramu 400 kwa shilingi 65: 65 ÷ 0.4 = 162.50 kwa kilo.
3. Fanya hivyohivyo dukani. Robo kilo ya sukari kwa 45 ni sawa na 180 kwa kilo.
4. Ongeza nauli ya kwenda na kurudi, na bei ya mfuko ukisahau wako nyumbani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, kwa hiyo mfuko sasa unanunuliwa.

Hatua ya nne ndiyo inayorukwa na wengi. Tuseme sukari ya kilo 2 supamaketi ni 300, yaani 150 kwa kilo. Dukani ni 180 kwa kilo. Unaokoa 30 kwa kila kilo. Nauli ni 50 kwenda na 50 kurudi. Gawa 100 kwa 30: lazima ununue zaidi ya kilo 3 na robo ndipo safari hiyo ilipe nauli yake tu. Usipande matatu au daladala kwa ajili ya kitu kimoja. Orodhesha vitu sita au saba, jumlisha tofauti zake zote, na jumla ikiwa chini ya nauli nunua palepale mtaani.

Mitego inayojirudia:

Mafuta ya kupikia. Lita moja ya mafuta ina uzito wa takriban gramu 920, wala si kilo. Mmoja akiuza kwa lita na mwingine kwa kilo, bei hazilingani mpaka uzibadilishe. Kilo moja ya mafuta ni karibu lita 1.09.

Pakiti iliyopungua. Bei imebaki ileile, pakiti ina rangi ileile, ila maziwa yaliyokuwa mililita 500 sasa ni 450 au 400. Hili lipo supamaketi na dukani vilevile, kwa kuwa linatoka kiwandani.

Sabuni ya mche. Inapungua uzito kadiri inavyokauka, na vipande vikikatwa kwa kisu havilingani. Ukinunua kipande, chagua mwenyewe, au omba kiwekwe kwenye mizani.

Kununua kidogo kidogo kunanigharimu kiasi gani hasa?

Chukua nyumba inayotumia kilo 2 za sukari kwa mwezi. Ikinunua robo mara nane inalipa 8 × 45 = 360. Pakiti ya kilo 2 ilikuwa 300. Imelipa 60 zaidi, yaani asilimia 20 juu. Ukirudia hesabu hiyo kwa mafuta, sabuni, majani ya chai na mchele, unaona kwa nini mwenye kipato kidogo hulipa bei ya juu zaidi kwa kitu kilekile.

Lakini asitokee mtu wa kumwambia kibarua kuwa hajui kupanga. Anayelipwa jioni kwa kazi ya siku hawezi kufungia 300 kwenye sukari huku unga, mboga na makaa vinamsubiri. Hiyo 60 ya ziada ni gharama ya kutokuwa na akiba, na pia ni malipo ya huduma: mwenye duka amefunga fedha zake kwenye gunia ili wewe uchote kidogo.

Njia inayofanya kazi ni kununua kwa pamoja. Belo moja ya unga ina pakiti 12 za kilo 2. Nyumba nne zikichanga, kila moja inapata pakiti tatu kwa bei ya jumla. Sharti ni moja: kila mtu atoe fedha kabla mzigo haujanunuliwa. Michango ya namna hii huvunjika pale mmoja anaponunua kwa fedha zake na wengine kuahidi kulipa baadaye. Anzeni na bidhaa isiyoharibika na isiyobishaniwa ladha, kama sukari, chumvi au sabuni. Mchele huleta ugomvi, kila nyumba ina wake.

Nitajuaje kama mizani ya dukani ni sahihi?

Kwanza tazama kama sahani ikiwa tupu inasoma sifuri. Kisha omba pakiti ya sukari ya kilo 1 ambayo haijafunguliwa iwekwe juu yake. Isome kilo 1 na gramu chache za karatasi. Ikisoma kilo 1 na gramu 50, kila kilo unayopimiwa hapo ina upungufu wa karibu gramu 50. Chupa ya maji ya nusu lita iliyofungwa nayo hufaa: gramu 500 za maji pamoja na uzito mdogo wa chupa.

Mizani ya biashara hukaguliwa na kutiwa alama ya serikali kila mwaka. Kenya ni kazi ya Idara ya Vipimo na Mizani. Tanzania ni Wakala wa Vipimo. Mwenye duka mwaminifu hukuonyesha alama hiyo bila kununa.

Mafuta ya kupima yanahitaji macho zaidi. Chombo kilichobonyea kinapunguza ujazo. Dumu lililokaa juani linafanya mafuta yaanze kunuka ukakasi, na dumu ambalo zamani lilibeba mafuta ya taa halisafishiki. Nusa kabla ya kulipa. Ukikuta harufu ya rangi au ya karanga zilizooza, acha.

Na supamaketi, hakuna kosa?

Lipo, na la kawaida zaidi ni bei ya rafuni kutofautiana na ya kwa keshia. Mara nyingi ofa imekwisha kwenye kompyuta ilhali karatasi bado haijabanduliwa, au bidhaa imewekwa chini ya lebo ya jirani yake. Piga picha lebo ya kitu chochote cha bei kubwa, pamoja na kila kitu chenye ofa. Soma risiti ukiwa bado mbele ya keshia, kabla hujasukuma mlango. Onyesha picha, omba bei ya rafuni. Hutakiwi kuona haya.

Ofa ya "nunua mbili upate ya tatu bure" ni ya kweli?

Gawa bei ya mbili kwa uzito wa tatu, ulinganishe na bei ya duka. Halafu tazama tarehe ya mwisho ya matumizi, kwani ofa nyingi ni za bidhaa iliyobakiza wiki chache. Kwa mtindi uliobakiza siku tano, chupa ya tatu ni bure ikiwa tu kuna watu wa kuinywa.

Supamaketi imefunguliwa karibu na duka langu. Nianzie wapi?

Usianze kwa kushusha bei. Pakiti ya unga umeinunua kwa 145, unaiuza 155, faida ni 10. Ukishusha hadi 150 faida ni 5, na lazima uuze pakiti mara mbili ili ubaki pale ulipokuwa. Supamaketi itashusha tena kesho bila kuumia. Wewe utaumia.

Wiki ya kwanza andika bidhaa 20 zinazotoka zaidi, kila moja na bei uliyonunulia, bei unayouzia na siku inazokaa rafuni. Nenda supamaketi uandike bei zao za bidhaa hizohizo. Kisha zigawe mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni zile ambazo huwezi kushindana nazo: pakiti kubwa za unga, sukari, mafuta na sabuni. Usiziondoe, maana mteja akikosa unga ataondoka na kila kitu kingine. Zipunguze tu: pakiti chache za kilo 2, nyingi za kilo 1, na za kupima nusu na robo. Supamaketi haimpimii mtu robo ya sukari.

Fungu la pili ndilo duka lako. Ni vitu vinavyohitajika sasa hivi: mkate, maziwa, mayai, kiberiti, chumvi, majani ya chai, mishumaa, vocha, dawa ya mbu, mtungi wa gesi uliokwisha ugali ukiwa jikoni. Hapa mteja hahesabu shilingi tano, anahesabu hatua. Visikosekane hata siku moja. Kufungua saa kumi na moja na nusu alfajiri na kufunga saa nne usiku kuna thamani kuliko punguzo lolote, kwa sababu wanaokwenda kazini mapema na wanaorudi usiku wanapita supamaketi ikiwa imefungwa.

Fungu la tatu ni vinavyolala: losheni za aina sita, madaftari baada ya shule kufunguliwa, sosi ambazo watu watatu tu hununua. Ziuze hata kwa bei ya kununulia, fedha ziende fungu la pili. Bidhaa yenye faida ya 20 inayokaa miezi miwili inakuingizia kidogo kuliko yenye faida ya 5 inayozunguka kila wiki: hiyo ya pili imeleta 40 ndani ya wiki nane, kwa mtaji uleule.

Kwenye rafu, mzigo mpya uwekwe nyuma na wa zamani uvutwe mbele. Maduka mengi hufanya kinyume kwa haraka ya kupanga, ndipo pakiti za nyuma zinakuja kuonekana zimeshapita tarehe.

Wateja wananikopa. Niache kukopesha?

Hapana. Mkopo ndicho kitu ambacho supamaketi haina, na ndicho humrudisha mteja kwako hata akijua ng'ambo ya barabara ni nafuu. Ila lazima ujue bei yake. Kama faida yako ni 10 kwa kila 100 ya mauzo, deni la 500 likipotea umepoteza bidhaa ulizolipia 450. Ili uzirudishe 450 hizo inabidi uuze bidhaa za 4,500. Deni moja tu.

Kwa hiyo daftari liwe na sheria, na zisomwe kabla ya mkopo wa kwanza. Kila mteja awe na kikomo. Anza na kiasi anachonunua kwa siku tatu. Siku ya kulipa ifuate siku yake ya mshahara, si siku yako. Aandike jina na kuweka sahihi kila anapochukua, kwa sababu mabishano mengi hutokea mtoto anapotumwa na mzazi asijue amechukua nini. Nusu ya deni ikiwa haijalipwa, hakuna jipya. Madeni yote kwa pamoja yasizidi kile unachohitaji kujaza rafu mara moja: yakizidi hapo utaenda sokoni huna kitu, na wadeni wako watakuwa wa kwanza kwenda kununua kwingine.

Ninunue mzigo wapi?

Muuza jumla wa karibu, gari la msambazaji, au kampuni zinazopokea oda kwa simu na kuleta mlangoni. Tumia zaidi ya njia moja. Kampuni hizi za oda kwa simu zimeleta nafuu kwa maduka mengi, lakini zenyewe hazijatulia: Copia ya Kenya iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2024, na mwaka huohuo Wasoko iliungana na MaxAB ya Misri. Maduka matatu au manne ya mtaa mmoja yakiagiza pamoja hupata bei ambayo duka moja halipewi, na gharama ya gari hugawanywa.

Kodi inaathirije bei ya duka dogo?

Kenya, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ni asilimia 16, na anayelazimika kujisajili ni mwenye mauzo ya shilingi milioni 5 au zaidi kwa mwaka. Unga wa mahindi na mkate wa kawaida hutozwa sifuri. Wadogo huwa chini ya kodi ya mauzo ya asilimia 3, kwa mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25. Angalia kuwa hiyo 3 ni ya mauzo wala si ya faida: mwenye faida ya 10 kwa kila 100 hutoa karibu theluthi ya faida yake. Tanzania Bara, VAT ya kawaida ni asilimia 18 na kiwango cha kujisajili kilipandishwa hadi shilingi milioni 200 mwaka 2023. Mabadiliko huja na bajeti ya Juni, kwa hiyo Julai kila mwaka uliza upya.

Mbona supamaketi kubwa nazo hufungwa?

Kwa sababu ile fedha ya msambazaji inayokaa siku 60 hutumika kufungulia matawi mapya. Mauzo yakipungua kidogo, siku 60 huwa 120, msambazaji huacha kuleta, rafu huwa tupu, mteja huondoka, na mauzo hupungua zaidi. Nakumatt, iliyoanzia Nakuru na kuenea Afrika Mashariki, hadi ikanunua maduka ya Shoprite Tanzania mwaka 2014, iliporomoka hivyo. Wadai wake walipiga kura ya kuivunja Januari 2020. Uchumi ilifunga Tanzania na Uganda mwaka 2015. Tuskys ilifuata. Game ya Massmart, kampuni inayomilikiwa na Walmart, nayo iliondoka Kenya, Uganda na Tanzania.

Dalili huonekana miezi kabla. Bidhaa moja imetandazwa rafu nzima kuficha mapengo. Sukari na mafuta hayapo kwa wiki, kisha sehemu ya nyama na mikate inafungwa. Ukiziona, tumia pointi na vocha zako zote wiki hiyohiyo, kwani duka likifungwa wewe ni mdai wa mwisho kwenye foleni. Kwa anayeuzia supamaketi bidhaa, simamisha mzigo mpya hadi wa zamani ulipwe, na kila karatasi ya kupokelea mzigo iwe na sahihi, tarehe na muhuri wa tawi. Bila muhuri, deni lako halina ushahidi.

Nikiuziwa kitu kibovu, wapi ni rahisi kurudisha?

Supamaketi itakudai risiti na pakiti yenyewe. Ukiwa navyo, kwa kawaida utabadilishiwa. Dukani mara nyingi hakuna risiti, kwa hiyo rudi siku hiyohiyo, na usiimwage pakiti. Ukilipa kwa simu, ule ujumbe wa malipo una saa na jina la duka: usiufute. Kitu kikiwa hatari, kwa mfano mafuta yaliyochanganywa au chakula kilichobandikwa tarehe mpya juu ya ya zamani, usiishie kwa muuzaji. Peleka taarifa kwa shirika la viwango, KEBS kwa Kenya au TBS kwa Tanzania, ukiwa na picha ya lebo, namba ya toleo iliyochapwa karibu na tarehe, na jina la duka.